Mlango wa Uani

Barua ya Baraza ilikuwa na mistari sita.
Wa tano ulisema: njia mbadala.
Miaka miwili chini ya usimamizi, katika kituo
ambacho wenye leseni kamili hawakukiomba,
kisha daftari likaguliwe, kisha tuone.
"Kisha tuone" hawakuiandika. Niliisoma mwenyewe
kwenye weupe uliobaki chini ya muhuri.

Ndivyo nilivyofika Muhoroni,
ambako molasi hunuka hata kwenye pamba ya kidonda
na matrekta ya miwa hutikisa chupa za dripu.

Nilisomea mbali, mji wa theluji.
Chuo kilipigwa bomu mwaka niliohitimu;
rekodi zangu zilikuwa ghorofa ya chini
pamoja na mifupa ya kufundishia.
Nilijifunza kuuliza "panauma wapi?"
kwa lugha ambayo huku hakuna anayeugua kwayo.
Mtihani wa Baraza nimeanguka mara mbili,
ya kwanza kwa alama tatu,
ya pili kwa malaria yangu mwenyewe,
nyuzi thelathini na tisa, nikiandika dozi ya malaria.
Mama akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Sikumwambia kwamba mimi sikuwa mhunzi.
Nilikuwa kile chuma.

Otuoma ni tabibu. Stashahada, miaka ishirini na sita.
Soko zima linamwita daktari.
Mimi mwenye shahada naitwa msichana wa Otuoma.
Asubuhi ya kwanza alinipa glavu:
"Anza kwa kupapasa. Tumbo halijui kusoma vyeti."

Daftari lina safu zake:
umetazama, umesaidiwa, umefanya peke yako, saini.
Jipu la kwapa: nimefanya.
Mkono wa mkata miwa: nimesaidiwa.
Mtoto wa miezi minane, kuhara, siku ya nne:
nimetazama.
Hapo wino ulikauka kabla ya nukta.

Wenzangu wa Kisumu, wenye mistari iliyonyooka,
wanasema nimeingilia mlango wa uani.
Kwetu Vihiga mlango wa mbele ni wa wageni na majeneza.
Maji huingilia uani. Kuni pia.

Usiku Nyando ilipokata barabara
Otuoma alikuwa ng'ambo, kwenye matanga ya shemejiye.
Jerono alijifungua salama, kisha damu ikakataa kusimama.
Dawa ikaisha mkono wa kulia, ikaisha wa kushoto.
Mkunga Pamela akanitazama.
Kanuni inasema: si bila msimamizi.
Tukaiweka simu juu ya mizani ya watoto,
sauti yake ikatoka imechanganyika na vilio:
"Ngumi ndani. Kiganja cha pili juu ya tumbo. Bana.
Usihesabu dakika, hesabu pumzi zake."
Nikabana hadi mabega yakafa ganzi
na kile kilaini chini ya kiganja
kikajikusanya, polepole,
kikawa kigumu kama boga changa.

Alfajiri Otuoma akaja, matope hadi magotini,
akasoma safu, akakuna kidevu.
Peke yako? Basi umevunja kanuni.
Umesaidiwa? Na nani, na mto umejaa?
Akaandika katikati, juu ya mstari wenyewe,
kwa mwandiko wake wa kuegemea:
Nilikuwepo.
Mwisho wa mwezi mganga wa kaunti atakuja na muhuri.
Sijui ataugonga wapi.

Jioni mama mkwe wa Jerono akaja kwa nyuma,
penye jiko la kuchemshia vyombo,
jogoo kwapani, akauliza kwa Kinandi.
Pamela akanitafsiria, huku akicheka:
"Anamtaka daktari. Yule msichana. Yuko?"

Nikajifuta mikono.
Yuko.